Daftari la Mwenye Duka



Wazee walisema ya kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Leo nataka kuwaelezeni, ninyi mlio na maduka madogo na vibanda vya sokoni, jinsi inavyoisha.

Tuchukue gunia moja la sukari la kilo 50. Tuseme mwenye duka amelinunua kwa shilingi 6,500, naye huuza kila kilo kwa shilingi 145. Likiuzwa lote atapata shilingi 7,250, na faida yake ni shilingi 750. Lakini kilo tano alizikopesha jirani na ndugu, wala hakuandika, nao hawakurudi kulipa. Mkononi mwake zimo shilingi 6,525. Watu wameingia na kutoka kutwa, gunia limekwisha, na faida ni shilingi 25! Naye hajui kilichompata. Atamshuku kijana anayemsaidia kuuza.

Mjomba wangu aliandika madeni kwa chaki nyuma ya mlango wa duka. Siku moja mkewe, kwa nia njema kabisa, akaupaka mlango rangi. Sisi watoto tulicheka sana. Yeye hakucheka, na duka halikumaliza mwaka.

Basi nunua daftari lenye mistari. Andika tarehe, kilichouzwa au kununuliwa, fedha zilizoingia na fedha zilizotoka. Kila mdaiwa apewe ukurasa wake, naye atie sahihi achukuapo kitu. Andika papo hapo. Usingoje jioni, kwa kuwa jioni mtu amechoka na husahau yaliyo madogo. Na mwenye duka akichukua unga wa kupeleka nyumbani kwake, sharti aandikwe kama mteja mwingine. Hapa wengi hukasirika: “Je, nijidai mwenyewe?” Naam, ujidai.

Wengine hunijibu ya kwamba siku hizi simu huandika yote. Ni kweli M-Pesa, iliyoanza nchini Kenya mwaka 2007, huonyesha fedha zilizoingia. Lakini haitakwambia kama shilingi 500 zile zilikuwa za sabuni au ni mchango wa matanga uliopitia kwako. Yafaa duka liwe na namba yake ya malipo, mbali na ya nyumbani.

Tena kuna jambo la kodi. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 yataka hesabu zihifadhiwe miaka mitano. Tangu Julai 2023, mwenye mauzo yapitayo shilingi milioni moja kwa mwaka, yasiyozidi milioni 25, hutozwa asilimia 3 ya mauzo yenyewe, si ya faida. Katika gunia letu ni shilingi 217 na senti 50, hata ikiwa umebaki na zile 25. Sheria yamruhusu mtu kumwandikia Kamishna kwamba ataka kutozwa kwa faida yake. Lakini asiye na daftari ataionyesha kwa kitu gani?

Kila Jumamosi kabla ya kufunga, hesabu fedha za sandukuni uzilinganishe na daftari. Zisipopatana, usifute kitu. Andika tofauti yake kwa wino, kisha uitafute siku ya Jumatatu.