Breki na Mvua: Maneno Yetu Mbele ya Wanachama



Sisi dereva na matandiboi wa gari la ushirika tunasema hivi. Breki hukamata gurudumu tu. Kinacholisimamisha gari ni msuguano wa tairi na barabara, na maji huupunguza. Kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, lami kavu inataka kama mita 14 tangu breki kushika; ikilowa, kama mita 25. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali ni mara nne!

Mvua ya kwanza ndiyo mbaya. Vumbi na oili ya kiangazi vinachanganyika, barabara inakuwa sabuni. Nasi tunaongeza mawese yanayovuja kwenye madumu. Mteremko wa Mwanga kwenda stesheni mnaujua.

Tairi zetu za nyuma ni vipara. Ile mifereji ya tairi ndiyo inayotoa maji. Ikiisha, gari linaelea, usukani hausikii. Tuliomba tairi, tukaambiwa tungoje mauzo ya dagaa. Haya, lakini akina mama wanaopanda juu ya magunia ni wetu sote. Kikao kijacho kipitishe tairi mbili kwanza. Mpaka hapo, siku ya mvua gari litabeba mzigo tu, tena polepole.