DAMU HAINA KABILA

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Mafia



Leo tuzungumze habari za damu. Tuseme mama mmoja wa Jibondo amejifungua, na damu inamtoka nyingi. Anavushwa kwa mashua mpaka Hospitali ya Wilaya, Kilindoni. Mganga anasema aongezwe damu upesi. Ndugu zake wanajitokeza. Kaka yake anapimwa, damu yake haifai. Mjomba wake anapimwa, haifai. Mwishowe anapimwa mvuvi wa Kilwa aliyekuja dago tu. Yake inafaa! Watu wanashangaa. Imekuwaje damu ya mgeni ifae, na ya ndugu wa tumbo moja ikataliwe?

Jibu ni hili. Mwaka 1901 daktari mmoja wa Austria, Karl Landsteiner, alieleza kwamba damu za watu zina makundi. Leo tunayajua makundi manne makubwa: A, B, AB na O. Mgonjwa akiongezwa damu isiyopatana na yake, chembe za damu hiyo huvunjika, naye anaweza kufa. Yule mama ni O, na mwenye O hupokea O tu. Kaka yake ni A, mjomba ni B. Mvuvi ni O.

Makundi hayo tunayarithi. Akina mama wasukao mikeka watatuelewa upesi. Mtoto hupata chane mbili: moja kwa baba, moja kwa mama. Chane ya A au ya B huonekana juu, ya O hujificha chini. Kwa hiyo baba mwenye A na mama mwenye B, ikiwa kila mmoja ana O iliyojificha, wanaweza kuzaa mtoto wa O. Jamani akina baba, msiwaache wake zenu kwa sababu ya kikaratasi cha kipimo! Muulizeni mganga kwanza.

Je, iko damu ya kabila fulani? Haiko. Makundi haya yameenea duniani, ila wingi wake hutofautiana. Hapa Tanzania karibu nusu ya watu ni O. Ulaya ya Magharibi, wenye A ni kama 40 katika kila watu 100. Kaskazini ya India wenye B ni wengi kuliko Ulaya. Wenyeji wa asili wa Amerika ya Kusini karibu wote ni O. Watu walihama, wakaoana, wakarithisha walichokuwa nacho. Sisi wa Mafia tunalijua hilo. Wazee wetu walitoka Rufiji, Kilwa, Lamu na Arabuni, wakawa mkeka mmoja. Sura ya mtu haionyeshi kundi lake, wala jina la ukoo. Kipimo ndicho kinachosema.

Basi tusingoje mpaka mashua ya mgonjwa ifike. Mwenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65, na uzito wa kilo 50 au zaidi, anaweza kutoa damu. Mwanamume hutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Damu hupimwa UKIMWI, homa ya ini na kaswende kabla ya kupewa mgonjwa.

Ukipimwa, uliza kundi lako. Liandike mwenyewe, ulitunze. Kalamu sasa unayo.