Jengo Kuukuu na Kazi Mpya

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Arusha



Mkutano huu una shauri moja la kukata: je, michango yetu itumike kukarabati jengo kuukuu mjini, liwe maktaba na ukumbi wa mafunzo kwa vijana wasio na mahali pa kusomea? Wapo wenzetu wanaoona ni heri kununua kiwanja na kujenga upya. Mimi naunga mkono ukarabati, ila kwa masharti. Jengo kuukuu haliponi kwa kupakwa rangi. Huponywa na kazi inayofanyika humo kila siku, na watu wanaowajibika kulitunza.

Tuanze na mifano ya hapa hapa kwetu. Boma la Wajerumani lilijengwa mwaka 1900, baada ya vita vya kuwaadhibu Waarusha na Wameru, na hao hao ndio waliolazimishwa kulijenga. Lilikuwa ngome ya kututawala, kisha likawa ofisi za serikali. Mwaka 1987 likafanywa Makumbusho ya Elimu Viumbe, na leo mtoto wa shule huingia pale kujifunza asili ya binadamu. Kuta ni zile zile. Kilichogeuka ni kazi.

Mfano wa pili uko Kaloleni. Pale palikuwa na ukumbi wa ustawi wa jamii, mahali pa kukutania wananchi wa kawaida. Januari 1967 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana humo na kupitisha Azimio la Arusha, na mwaka 1977 ukumbi ukawa makumbusho. Ndugu zangu, tusilidharau jengo kwa udogo wake.

Lakini tusikilize pia habari ya Zanzibar, maana ina onyo. Mwaka 1887 tajiri Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la zahanati ya hisani karibu na bandari. Alifariki mwaka 1891 kabla haijakwisha. Mwaka 1900 mfanyabiashara mwingine, Haji Nasser Nurmohamed, alilinunua jengo, na wagonjwa wakatibiwa humo kwa miaka mingi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 shughuli hizo zilikwisha, na jengo lile zuri, lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, likachakaa vibaya. Miaka ya 1990 Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni ililikarabati likawa kituo cha utamaduni. Uzuri wa nakshi haukulilinda. Kazi ilipoondoka, uharibifu uliingia.

Kwa hiyo nina masharti matatu.

Kwanza, hati. Tusinunue hata msumari kabla ya kuwa na mkataba ulioandikwa, unaosema jengo ni la nani, tutalitumia kwa miaka mingapi, na nani atalirithi jukumu hili sisi tukiondoka. Tusidhani kwamba sheria itatulindia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda kwa umri wake majengo yaliyotangulia mwaka 1863. Ya baadaye hayana budi kutangazwa rasmi na Waziri. Mji wetu ulianza kukua kandokando ya Boma la 1900. Majengo yake ya zamani, basi, hayana ulinzi wa umri peke yake, na mwenye nacho anaweza kuyabomoa ajenge ghorofa.

Pili, tuanzie juu. Wengi wetu tukipata fedha hukimbilia rangi na vigae vya sakafu. Hapa chini ya Mlima Meru masika hayana mzaha. Paa likivuja na gata zikiziba, maji huteremka ukutani, mbao huoza, na mchwa hufuata unyevu. Paa kwanza, gata pili, rangi mwisho. Tena ukuta uliojengwa kwa chokaa urudishiwe chokaa. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea na plasta hubanduka. Atafutwe fundi anayejua hivyo, na vijana wawili watatu wafanye kazi chini yake wajifunze.

Tatu, tuweke akiba ya matunzo. Sehemu ya kila mchango isiguswe na ujenzi, ibaki kwa ajili ya taa, maji, mshahara wa mtunzaji na matengenezo ya kila mwaka. Kama fedha hazitoshi kwa yote mawili, basi tukarabati vyumba viwili badala ya sita. Vyumba viwili vinavyofunguliwa kila jioni ni bora kuliko jumba zima lenye kufuli.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sote tunaijua methali hiyo, lakini ni wachache wanaopanda ngazi kukagua paa kabla ya mvua. Wadogo zetu, kazi hiyo tutawaomba ninyi. Mtakuja pale kusoma, na siku moja mtapokea funguo. Afadhali mzoee ngazi mapema.

Ndugu Mwenyekiti, naomba wanachama walipigie kura shauri hili pamoja na masharti yake, si nusu yake.