Tusizifute Sauti Zetu

 

Makanisa yalipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, tuliimba kila mtu nyumbani kwake. Kinanda kilirekodiwa kwanza. Kila mmoja alikisikiliza kwa visikizi katika simu moja, akajirekodi kwa simu nyingine, akipiga makofi mara moja kwenye mdundo wa kuanzia. Mlio huo ndio uliomwezesha mhariri kuzipanga video zote zianze pamoja. Kisha akasawazisha sauti ili besi isimeze soprano.

Hivyo kila sauti ilirekodiwa peke yake. Mzee wetu wa besi amelala katika Bwana, lakini katika rekodi yake tunamsikia hata anapovuta pumzi, na vijana bado wanajifunza kwake. Katika video ya kwaya nzima hasikiki hivyo, kwa maana sauti zikishachanganywa ni vigumu kuzitenganisha.

Ndugu zangu, msifute rekodi hizo ili mpate nafasi ya picha. Nileteeni simu baada ya ibada tuzinakili, kabla hazijaharibika.

Jubilii njema. Mungu awabariki.