Habari za Kambi Zisiwe za Mgawo na Moto Tu

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu na kikundi cha utamaduni katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, waheshimiwa wageni wetu kutoka mashirika, wazee wetu, kina mama, vijana na wanafunzi wetu,

 

Tumeombwa na Kamati tuseme machache juu ya sanaa na utamaduni katika habari. Tulipopewa kazi hii tulianza kwa kukusanya magazeti. Hatuna maktaba ya magazeti, kwa hiyo tulikwenda sokoni tukaomba yale wanayofungia chumvi na maandazi. Tuliyoyakuta juu ya kambi, hapa na kwingineko, ni haya: mgawo umepunguzwa, nyumba zimeungua, watu wamerudi kwao, watu wamekamatwa. Hatuwalaumu waandishi. Nyumba ikiungua twataka iandikwe, maana bila kuandikwa turubai haziji. Tatizo ni kwamba hatukukuta kingine.

Tutatoa mfano mmoja. Wakati fulani alikuja mwandishi hapa siku ya mgawo. Alimpiga picha mama mmoja aliyekaa kwenye foleni na gunia tupu magotini. Picha ilitoka, na chini yake iliandikwa kuwa mkimbizi anangoja chakula. Hapakuwa na uongo. Lakini mama huyo ndiye anayewafundisha binti zetu kusuka vikapu vyenye kifuniko, vile ambavyo kwetu havikosekani kwenye harusi. Tulipomwonyesha gazeti alicheka, akasema, "Walimu, angengoja hadi saa tisa angenikuta na kazi yangu."

Wengine wamejaribu njia nyingine. Huko Malawi, katika wilaya ya Dowa, iko kambi ya Dzaleka. Zamani ilikuwa gereza, na ilianza kupokea wakimbizi mwaka 1994. Mwaka 2014 mkimbizi mwenzetu kutoka Kongo, mshairi na mwanamuziki Trésor Nzengu Mpauni, anayejulikana kwa jina la Menes La Plume, alianzisha tamasha ndani ya kambi hiyo akaliita Tumaini. Angalieni: jina la Kiswahili, katika nchi ya Kichewa. Watu wa Lilongwe walitoka mjini wakaenda kambini kusikiliza muziki, kuona michezo ya kuigiza na kununua kazi za mikono, na hapakuwa na kiingilio. Wageni wengine walilala katika nyumba za wakimbizi, wakala ugali wao. Wenyeji wakayaona kwa macho yao, nayo magazeti na redio vikayatangaza. Jina la kambi likaanza kutajwa pamoja na muziki.

Hapa Tanzania nako, wengi wenu mnaikumbuka Redio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Shirika la Kijesuiti la Kuwahudumia Wakimbizi. Jina lake nalo, kwa Kirundi, ni matumaini. Sisi tulio katika miaka ya thelathini tulikuwa wadogo sana wakati huo, na tuliyasikia haya kwa wazazi wetu. Wanasema kwamba mtu akisikia Kirundi chake redioni, jirani zake wote huitwa.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe ambalo limetusumbua mwaka huu, nalo ni ngoma.

Ndugu zetu Watanzania wakisema ngoma huwaza mchezo. Kwa Kirundi ingoma ni ngoma, na pia ni utawala. Ngoma zilipigwa wakati wa kutawazwa mfalme na katika sherehe ya umuganuro, ya kupanda mtama. Ufalme ulikwisha mwaka 1966, ngoma zikabaki. Mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni wa binadamu wote. Tulifurahi sote, waliobaki nyumbani na waliotoka. Kisha, mwezi wa Oktoba 1917 — samahani, 2017, macho ya mwalimu yamechoka na taa ya chemli — ilitolewa amri ya Rais kwamba wanawake wasipige ngoma, kwamba vikundi viandikishwe wizarani, na kwamba anayealika kikundi kwenye sherehe alipe faranga 500,000.

Hatusimami hapa kufanya siasa. Sheria za kambi tunazijua. Lakini hapa kambini wasichana wetu sita walijifunza kupiga. Walifundishwa na mzee mmoja ambaye mwanzoni alikataa, halafu akasema mikono yao ni mizuri kuliko ya wavulana wake. Walipopiga mara ya kwanza, uwanja wa shule ulijaa hadi juu ya miti. Tukaandika habari hiyo katika jarida hili, na majina yao yote sita.

Usiku wa kuamkia siku ya kugawa nakala, mzazi mmoja alibisha mlangoni kwetu. Familia yake ilikuwa imejiandikisha kurudi. Akasema: "Mwalimu, jina la mwanangu litafika kabla yetu." Nakala mia mbili zilikuwa tayari. Tulikaa hadi alfajiri tukifuta majina kwa wino, moja moja, ya wote sita. Mnaokumbuka ile alama nyeusi katika ukurasa wa tatu na mkadhani ni mashine mbovu, haikuwa mashine.

Tangu hapo tumebishana wenyewe kwa wenyewe. Wazee wengine wanasema msichana asipige kabisa, ndiyo mila. Tunawaheshimu, lakini katika hili hatukubaliani nao, na tumewaambia. Walimu wengine walisema tuache kuandika habari za ngoma. Hilo nalo tulilikataa, maana tukinyamaza itabaki ile picha ya foleni peke yake. Tulichokubaliana ni kwamba habari iandikwe, na jina liwekwe pale tu mwenyewe na mzazi wake wameridhia. Tunawaomba waandishi wanaotutembelea na wageni wetu wa mashirika, wanaopenda sana kupiga picha, wafuate utaratibu huo huo. Ulizeni kwanza. Na mkiuliza, ulizeni pia mtu huyo anafanya kazi gani.

Maombi yetu kwa Kamati ni madogo. Kila kanda itoe kijana mmoja wa kuleta habari za harusi, kwaya, michezo na mashindano ya hadithi kila Ijumaa. Ngoma zipatiwe mahali pakavu pa kuhifadhiwa, maana ngozi mbili zimekwisha kuoza stoo. Na karatasi, jamani. Jarida hili limechapwa nyuma ya fomu za zamani.

Wasichana watapiga leo saa kumi uwanjani. Watano, kwa sababu mmoja amekwisha kurudi na wazazi wake. Nafasi yake katikati ya safu haijajazwa, ni kwa ombi la wenzake.