Bima ya Matibabu Unapohama Kazi
Mada kwa semina ya wawakilishi wa wafanyakazi, Mombasa



Mfanyakazi wa Kenya anayehama kazi huuliza habari za mshahara, likizo na marupurupu. Ni nadra aulize bima ya zamani inakoma lini na mpya inaanza lini. Hoja yangu ni kwamba balaa hujificha katika siku zilizo kati ya tarehe hizo mbili, na kwamba siku hizo zinaweza kujadiliwa mapema, kabla mtu hajaandika barua ya kuacha kazi.

Tutenganishe kwanza bima mbili ambazo wengi huzichanganya. Ipo ile ya lazima, SHIF, iliyo chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Anayelipwa Sh60,000 hukatwa Sh1,650. Mwajiri haongezi kitu. Wajibu wake ni kukata na kuwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Usajili huu ni wa mtu mwenyewe, kwa nambari ya kitambulisho chake, kwa hiyo hana haja ya kujisajili upya anapobadilisha mwajiri. Kisha ipo bima ya kikundi, ambayo mwajiri huinunua kutoka kampuni binafsi. Hiyo inafuata mkataba wa mwajiri. Ukitoka, jina lako linafutwa kwenye orodha pamoja na la mwenzi wako na watoto.

Tuseme karani wa kampuni ya klaringi hapa bandarini amepata kazi yenye mshahara mnono zaidi. Mkewe anatumia insulini. Mwajiri hapendi aendelee kukaa ofisini akizijua bei za wateja, basi anamlipa mshahara wa notisi na kumwambia aondoke leo leo. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu malipo hayo badala ya notisi ya siku 28. Karani anatoka akitabasamu. Angeitumikia notisi, bima ingekuwa hai siku zote hizo. Kwa kuwa amelipwa aende, mara nyingi bima hukatika siku hiyohiyo. Mwajiri mpya naye anamweka kwenye muda wa majaribio, ambao sheria inauruhusu hadi miezi sita, na kusema bima itafuata akithibitishwa kazini. Wiki ya tatu mkewe amesimama mapokezini hospitalini. Mhudumu anaingiza kadi kwenye mashine, anaitoa, anaifuta kwa kidole, anairudisha tena. "Mama, hii haisomi. Mtalipa pesa taslimu?"

Kujinunulia bima ya binafsi wakati huo ni kuchelewa. Kampuni nyingi huweka muda wa kusubiri kwa maradhi uliyokuja nayo, na kwa uzazi muda huo aghalabu hukaribia mwaka. Ndiyo maana kampuni ileile ya bima iulizwe mapema, kadi ikiwa bado inafanya kazi, kama inaweza kukuhamisha kutoka kikundi hadi bima ya binafsi bila kusubiri. Omba pia barua inayoonyesha umekuwa na bima tangu lini.

Upande wa SHIF, slipu ya mshahara inathibitisha kwamba umekatwa, basi. Kama pesa zilifika, hilo utalijua kwa kubonyeza *147#. Fanya hivyo ungali kazini, kwani ukishatoka, kumsaka mhasibu wa zamani ni kazi nyingine isiyo na mshahara.

Anayekaa miezi kadhaa bila kazi ana taabu zaidi. Enzi za NHIF angelipa Sh500 kila mwezi mpaka apate ajira. Sasa anahesabiwa miongoni mwa wasio na mshahara: anafanyiwa tathmini inayouliza nyumba yake, maji yake, hata choo chake, halafu anatakiwa alipe mchango wa mwaka mzima. Sipingi tathmini, maana mnyonge lazima apunguziwe. Lakini utaratibu huu haukumfikiria mtu aliyeko njiani kati ya kazi mbili. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole humruhusu kukopa mchango huo na kuurudisha kidogo kidogo; bado ni deni kwa mtu asiye na kipato.

Ndugu wawakilishi, mtakapoketi tena na waajiri kuandika mkataba wa pamoja, daini vipengele viwili. Bima ya kikundi idumu kwa kipindi chote cha notisi hata kama notisi imelipwa kwa pesa. Na mfanyakazi mpya aingizwe kwenye bima siku ya kwanza kazini, awe kwenye majaribio au la.