Amplifaya ya Gari Inapokataa Kuwaka

Amplifaya ikikataa kuwaka msikimbilie kuihukumu kuwa imekufa, kwani aghalabu hitilafu imo katika nyaya tatu ziilishazo: wa betri, wa hasi, na ule mwembamba utokao redioni kuiamrisha iamke. Tazameni kwanza fyuzi iliyo karibu na betri. Kisha redio ikiwa imewashwa, pimeni kwa mita kama kuna takriban volti 12 kati ya hasi na waya wa betri, kisha kati ya hasi na ule mwembamba. Nati ya waya wa hasi ndiyo mkosaji mkubwa: hulegea kwa mtikisiko wa njia, au hukazwa juu ya rangi ya bodi ya gari; basi ikazeni, na rangi ikwangueni hadi chuma king'ae. Nawasihi, fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa kipande cha waya, kwani gari huweza kuteketea.